Vipande vya Ndege za Vita za Waingereza, na Jinsi ya Kuvitambua

Mkulima wa Uingereza alimapo shamba lake, au mvuvi wa pwani ya Ufaransa avutapo wavu wake, huenda akapata kitu asichokitazamia: kipande cha bati jepesi kilichokunjamana, chenye safu ya matundu ya ribiti na rangi iliyofifia. Katika Vita Kuu ya Pili, iliyoanza mwaka 1939 na kwisha mwaka 1945, ndege za Waingereza zilianguka kwa maelfu, nyingine mashambani, nyingine maziwani, nyingine jangwani na milimani. Basi hapo huzuka maswali mawili. La kwanza, hiki ni kipande cha nini? Na la pili, lililo zito kuliko la kwanza, ni cha ndege ipi, na nani walikuwamo?

Twasema la pili ni zito, kwa kuwa wengi wa waliokufa katika ndege hizo hawana kaburi linalojulikana. Mahali paitwapo Runnymede, karibu na London, pana jengo la ukumbusho lililofunguliwa mwaka 1953, na kutani mwake mmeandikwa majina ya askari wa anga zaidi ya 20,000 wa namna hiyo. Jengo jingine liko Alamein, katika nchi ya Misri. Humo mna majina ya askari wa anga zaidi ya 3,000, na miongoni mwao wamo waliopotea Uhabeshi, Sudan, Madagaska, na huku kwetu Afrika ya Mashariki. Kipande kidogo cha chuma kikisomwa sawasawa chaweza kusaidia mmoja wao apate kaburi lenye jina. Kikisomwa vibaya, chaweza kuwapelekea jamaa zake habari isiyo ya kweli.

Ili jambo hili lieleweke, tufikiri habari za baiskeli. Mtu akiokota pedeli njiani, huenda akaona jina la kiwanda limechorwa juu yake, nalo lasomeka vizuri. Lakini jina hilo halimwambii kama pedeli ile ilitoka katika baiskeli ya mwalimu au ya mwuza samaki, kwa maana pedeli za kiwanda kile zimo katika baiskeli nyingi. Walakini akiokota kipande cha fremu chenye nambari iliyopigwa chini ya kiti, na muuzaji akawa ameiandika nambari ile katika daftari lake, hapo aweza kumpata mwenyewe. Mambo ya ndege ni yayo hayo. Nambari iliyo rahisi kusomeka ndiyo, mara nyingi, isemayo machache.

Kabla ya kutafuta nambari, tutazame kwanza kitu chenyewe kimefanywa kwa nini, maana viwanda vya Uingereza havikuunda ndege kwa njia moja. Ndege iitwayo Hurricane, ya kiwanda cha Hawker, iliruka mara ya kwanza mwaka 1935. Kiwiliwili chake kilikuwa na mifupa ya mirija ya chuma cha pua na ya madini mepesi, na sehemu ya nyuma ilivikwa kitani kilichopakwa dawa ya kukikaza. Mafundi wa Hawker hawakuiunga mirija hiyo kwa moto. Waliibana ncha zake za duara hata zikawa za pembe nne, kisha wakazifunga kwa mabamba na bolti. Basi kipande cha mrija ulio wa duara katikati na wa pembe nne mwishoni chaonyesha ufundi wa Hawker, hata kama hakina herufi moja juu yake. Spitfire, iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1936, haikuwa hivyo. Kiwiliwili chake ni kama ganda la yai: bati lenyewe la nje lachukua uzito, nalo limepigwa ribiti juu ya mbavu nyembamba.

Namna ya tatu ni ya ajabu zaidi. Mhandisi Barnes Wallis, wa kiwanda cha Vickers, aliifanya mifupa ya ndege kwa vipande vyembamba vya madini mepesi vinavyopishana kwa mshazari, mfano wa tenga la kuchukulia kuku, kisha juu yake kitani. Ndege maarufu ya namna hii ni Wellington, ndege ya mabomu yenye injini mbili. Ziliundwa zaidi ya 11,000. Mtu akiona tenga hilo hupenda kusema mara moja, “Wellington!” Naye kwa kawaida amepata, lakini si daima. Kabla ya Wellington palikuwa na dada yake mdogo, Wellesley, yenye injini moja, nayo ilitumika mwaka 1940 na 1941 kutoka Sudan kupigana na Waitaliani wa Eritrea na Uhabeshi. Kwa hiyo tenga lililookotwa katika milima ya Eritrea lataka kutazamwa vema zaidi kuliko lililookotwa Uingereza.

Tena kuna Mosquito, ya kiwanda cha de Havilland, iliyofanywa kwa mbao. Ukuta wa kiwiliwili chake ulikuwa wa tabaka tatu zilizogandamizwa kwa gundi: nje na ndani mbao nyembamba za plaiwudi, na katikati balsa, mti mwepesi sana wa Amerika ya Kusini. Ndege hii ikianguka ardhini na kukaa miaka mingi, mbao huoza, na mchimbaji hukuta injini, bolti, mabomba na magurudumu tu, kana kwamba ndege haikuwa na mwili.

Sumaku ndogo ni msaada mkubwa katika kazi hii. Chuma cha pua cha kawaida huvutwa nayo, madini mepesi hayavutwi. Na kitu kilichokaa katika maji ya chumvi kikawa kimegeuka unga mweupe, mwingi wake kuliwa, labda kilikuwa cha magnesiamu, madini yaliyotumika kwa magurudumu na maganda ya mitambo kwa sababu ya wepesi wake. Bahari huyala hayo upesi.

Rangi nayo ni shahidi, ila si shahidi wa kutegemewa peke yake. Ndani, ndege nyingi za Uingereza zilipakwa rangi ya kijani kilichochanganyika na kijivu. Nje, juu, za Ulaya mara nyingi zilikuwa za kijani na za udongo. Za jangwani zilikuwa za udongo na za mchanga, na chini buluu ya anga. Na ndege za mabomu za usiku zilikuwa nyeusi chini. Lakini ndege ilipohamishwa nchi ilipakwa upya, hata kipande kimoja chaweza kuwa na tabaka tatu za rangi. Anayekwangua ili aone madini hung’oa habari pamoja na rangi.

Sasa twaja kwenye alama na nambari, na hapo ndipo watu wengi hukosea. Alama ijulikanayo sana ni taji, na chini yake herufi A.M., ndizo herufi za kwanza za jina la Wizara ya Anga ya Uingereza, iliyokuwako tangu mwaka 1918 mpaka 1964. Taji lenyewe lina habari. Zamani za wafalme kabla ya mwaka 1952, taji lililochorwa lilikuwa na matao yaliyopanda mviringo kama kuba. Alipotawala Malkia Elizabeth wa Pili, lilichorwa taji jingine, ambalo matao yake yana bonde kidogo katikati. Basi chombo chenye taji la bonde hakiwezi kuwa kilipigwa mhuri katika vita ya 1939. Lakini usigeuze hoja hiyo: chombo chenye taji la kuba chaweza kuwa kilikaa ghalani kikatiwa katika ndege ya miaka ya baadaye.

Karibu na taji huwapo nambari ya ghala, kama vile 6A, kisha mkwaju, kisha tarakimu. Nambari hii ilikuwa ya kumwezesha mtunza ghala kukitafuta kitu rafuni. Mwanzo wake waonyesha jamaa ya kitu: 6A ni saa za kupimia mwendo, kimo na mfano wa hayo, 5C ni vyombo vya umeme, 6D ni vyombo vya hewa ya kupumulia juu sana, 10 na herufi yake ni vyombo vya simu ya upepo, 14A ni kamera, 15A ni miavuli ya kurukia, 22C ni mavazi na kofia za marubani. Ni nambari nzuri, na huonekana wazi, kwa kuwa zimepigwa juu ya vyombo vigumu visivyooza. Lakini hazitambulishi ndege. Saa ya kupimia kimo ilikuwa ni ile ile katika ndege ndogo ya mtu mmoja na katika ndege kubwa ya watu saba. Wizara ilipanga saa sita za namna moja mbele ya rubani katika karibu kila ndege, ili rubani akihama asipotee. Vivyo hivyo usukani wenye kiwiko cha duara hupatikana katika Spitfire na katika Hurricane. Tena kuna herufi A.G.S. juu ya parafujo, bolti na viungo vya mabomba. Hizo ni za vifaa vya kawaida vilivyotumika katika ndege zote. Mtu aliyepata A.G.S. amejua kwamba ameokota kitu cha ndege ya Kiingereza, basi.

Tusimame kidogo penye saa hizo. Nyingi zilipakwa mishale na tarakimu kwa rangi yenye rediamu, madini yatoayo miali ya hatari, ili zing’ae usiku. Leo haziwaki tena, na watu hudhani nguvu yake imekwisha. Sivyo. Kilichochakaa ni unga uliokuwa ukiwaka kwa kupigwa na miali. Rediamu yenyewe huchukua miaka 1,600 hata nusu yake ipungue. Kioo kikivunjika, vumbi lake likivutwa puani au likiingia kinywani, ladhuru. Saa ya namna hiyo haifunguliwi, haikwanguliwi, wala hapewi mtoto achezee. Na risasi na mabomu yaliyomo katika mabaki hayawi salama kwa uzee wake.

Nambari yenye faida zaidi ni nambari ya sehemu, yaani ya mchoro ambao kwa huo fundi alikitengeneza kitu. Kila kiwanda kilikuwa na desturi yake. Supermarine, waliounda Spitfire, waliipa ile ya kwanza nambari 300 katika michoro yao. Walipoibadilisha, sehemu zilizobadilika zilipewa mwanzo mpya: 329 kwa Spitfire II, 349 kwa Spitfire V ya bawa la namna ya C, 361 kwa Spitfire IX, 379 kwa Spitfire XIV. Mosquito ilikuwa ndege ya 98 ya de Havilland, na 98 huonekana ndani ya nambari za sehemu zake.

Hapa pana mtego. Sehemu isiyobadilika haikupewa nambari mpya. Kwa hiyo katika mabaki ya Spitfire IX utapata sehemu nyingi zenye 300, na chache zenye 349, na chache zenye 361. Anayeokota tatu au nne za kwanza akakimbilia kusema kwamba amepata Spitfire ya mwaka 1938 amejidanganya. Kanuni ni kutafuta nambari iliyo mpya kuliko zote, maana ndege haiwezi kuwa ya zamani kuliko sehemu yake iliyo mpya kabisa, isipokuwa sehemu hiyo ilitiwa wakati wa matengenezo.

Pamoja na nambari ya sehemu huwapo mihuri midogo ya wakaguzi, mingine haizidi punje ya mtama. Hiyo yaonyesha kiwanda. 6S ni ya Supermarine. CBAF ni ya kiwanda kikubwa cha Castle Bromwich, karibu na Birmingham, kilichounda Spitfire zaidi ya 11,000. Ijapokuwa ni midogo, sisi twaiona kuwa ya thamani kuliko taji na herufi za A.M.

Lakini ndege yenyewe, moja kati ya maelfu, jina lake ni nambari ya utambulisho: herufi moja na tarakimu nne, au herufi mbili na tarakimu tatu, kama W1048 au NA337. Sikitiko ni kwamba nambari hii ilipakwa kwa rangi ubavuni, karibu na mkia, juu ya bati au kitani, navyo ni vya kwanza kupasuka na kuoza. Mara nyingine mafundi waliiandika pia ndani ya vifuniko vinavyofunguka, ili visichanganyike. Hata hivyo vilichanganyika. Zamani za vita ndege zilizovunjika zilipelekwa kwenye viwanda vya matengenezo, na bawa la moja likatiwa katika nyingine. Kifuniko chenye nambari ya ndege fulani chaweza kuwa kilianguka na ndege nyingine kabisa.

Ndiyo maana watafutaji hufurahi waonapo nambari ya injini. Umbo la injini peke yake halitoshi: Merlin ya Rolls-Royce, yenye silinda 12 zilizopangwa safu mbili mfano wa herufi V, ilitumika katika Spitfire, Hurricane, Mosquito, Lancaster na Halifax za kwanza, na nyingine zilitengenezwa Marekani na kiwanda cha Packard. Lakini kila injini ilikuwa na nambari yake peke yake, nayo iliandikwa katika kadi za ndege na za ajali. Kadi za namna hiyo zimehifadhiwa katika jumba la makumbusho la jeshi la anga la Uingereza, na vitabu vya kila siku vya vikosi viko katika hifadhi ya nyaraka za taifa huko Kew. Nambari ya injini ikipatana na kadi, na kadi ikipatana na mahali na siku, hapo mtu aweza kutaja ndege na waliokuwamo. Kimoja tu hakitoshi.

Tazama mifano miwili. Halifax W1048 ilipigwa mwezi wa Aprili 1942 ilipoishambulia manowari ya Wajerumani, Tirpitz, katika Norwei. Rubani aliituliza juu ya ziwa Hoklingen lililoganda, wenyewe wakaokoka, na barafu ilipoyeyuka ndege ikazama. Mwaka 1973 wazamiaji waliitoa, nayo imekuwa nzima ajabu, kwa kuwa maji yale ni baridi tena si ya chumvi. Hapo hapakuwa na ubishi juu ya jina lake. Spitfire P9374 ilishuka katika ufuko wa Calais, Ufaransa, mwezi wa Mei 1940, ikamezwa na mchanga. Mwaka 1980 ikaonekana tena, ikatengenezwa, ikaruka mwaka 2011, na mwaka 2015 ikauzwa kwa zaidi ya pauni milioni 3. Twaitaja bei hiyo kwa sababu yake. Ndege iliyotengenezwa upya hupata thamani kwa jina la ile ya kale, na mahali ambapo kibamba kidogo chenye nambari chaweza kuongeza bei namna hiyo, bamba lililong’olewa peke yake, lisilo na habari ya mahali lilipotoka, latiliwa shaka na mwenye busara.

Katika Uingereza, tangu sheria ya mwaka 1986, haijuzu kuchimba mahali ilipoanguka ndege ya vita bila ya kibali cha Wizara ya Ulinzi. Shabaha yake kubwa ni kuheshimu maiti zilizomo.

Huku kwetu nako ndege hizo zilipita. Mwaka 1915, katika vita ya kwanza, ndege zilizokaa kisiwa cha Mafia ziliwaelekezea Waingereza mizinga yao juu ya manowari Königsberg, iliyojificha katika delta ya Rufiji, nayo ikaharibiwa tarehe 11 Julai. Baadhi ya ndege zile zilitoka viwanda vya Ufaransa, Henri Farman na Caudron. Mwaka 1940 na 1941, marubani wa Afrika ya Kusini waliruka kutoka Kenya wakitumia Hurricane na nyinginezo, zikiwamo ndege za Junkers zilizonunuliwa Ujerumani kabla ya vita. Kwa hiyo maandishi ya Kijerumani juu ya kipande hayathibitishi kuwa ni cha adui wa Mwingereza. Na tangu mwaka 1953 mpaka 1955 ndege kubwa za Lincoln, zenye Merlin nne, zilitupa mabomu katika misitu ya Mlima Kenya na Aberdare.

Basi ukikuta msituni kitu cha namna hiyo, usikiondoe wala usikigeuze, maana mahali kilipo na jinsi kilivyolala ni sehemu ya habari zake. Kama ni bomu, risasi au kitu usichokijua, ondoka, ukaarifu polisi. Kama ni bati tupu, chukua kipimo, andika mahali, kisha uweke karatasi nyembamba juu ya nambari na kuisugua kwa upande wa penseli, nayo itatokea. Uandike na yale yaliyo karibu nayo, hata mhuri mdogo kabisa. Na tarakimu iliyokatika usiikamilishe kwa kukisia. Weka nukta mahali pake. Tarakimu 3 iliyoliwa na kutu yafanana sana na 8, na kwa tofauti hiyo moja kadi itakayofunguliwa huko London itakuwa ya watu wengine.